Daftari la Kijani la Kona za Ghimbegna

Jumapili, 2 Machi 2025

Kilomita 74. Pancha hakuna. Mvua ilitunyemelea kutoka upande wa Nandi, kisha ikaghairi.

Leo tumempata ndugu wa Cipressa. Hatimaye! Nimemtafuta tangu Januari. Cipressa ni mlima wa Italia, juu kidogo ya bahari. Kilomita tano na nusu za kupanda taratibu, kama mtu anayekwenda dukani bila haraka. Kisha mteremko wa kona juu ya kona mpaka barabara ya pwani. Sijawahi kufika. Nimeupita kwenye simu tu, picha baada ya picha: ukuta wa mawe, mzeituni, ukuta, kona, bahari. Ndugu yake ni kile kipande cha kutoka daraja la mto Yala kuja juu. Mwinuko unalingana karibu sawasawa. Nimepima mara tatu.

Hii ndiyo kazi yangu katika klabu. Kila mlima wa kule naupatia ndugu huku, ili wasichana wetu wakifika Italia kwenye mbio za Mei miguu iwe imeshafahamiana na barabara. Naandika kwenye daftari la kijani. Ukurasa mmoja, kona moja. Mchoro, upana, kama inafunga, yaani inazidi kubana, au inafunguka, na chini: "Ndugu yake ni —".

Mike Were, anayenibeba kwenye pikipiki nyuma ya wasichana, leo ameniuliza, "Zippo, na hii kona nayo imepata bwana Mzungu?" Nikamwambia ni ndugu, si bwana. Akasema afadhali, maana hiyo kona ina matope, nani ataioa.

Emily, ninayeishi naye chumba kimoja, amecheka mpaka akashuka kwenye baiskeli.

Jumatano, 5 Machi 2025

Siku mbaya.

Tulikuwa mteremko wa chini ya Serem. Nilikuwa nyuma ya Mike, nasoma daftari kwa sauti, Emily mbele yetu. Hapo ni ndugu wa kona ya 14 ya Ghimbegna, ule mteremko mrefu kuliko yote ya mbio za Italia. Kule kona hiyo inakata kulia, imebana, upande wa ndani; huku ndugu yake anakata kushoto. Nikapiga kelele, "Kulia! Ndani! Inafunga!" Emily akafanya kama nilivyomwambia. Akaibana kulia.

Kulia kwetu ni upande wa magari yanayokuja! Trekta ya miwa ilikuwa inapanda, na trela mbili. Sijui alipitaje. Muwa mmoja uliokuwa unaning'inia ulimchapa bega. Dereva akasimama, akatutukana kwa Kinandi, kisha kwa Kiswahili alipoona hatuelewi.

Nililia. Emily ndiye alinibembeleza. "Si niko hapa, Zippo? Wacha machozi, utaloanisha kitabu."

Kosa ni langu. Kule wanapita kulia, sisi tunapita kushoto. Kona inayobana ndani kwao ni ya kulia. Kona inayobana ndani kwetu ni ya kushoto. Nilijua hilo, lakini nililijua kwa kichwa, sikulijua barabarani.

Ijumaa, 7 Machi 2025

Nimelipindua daftari lote la kijani. Jioni mbili, kurasa 41. Kila kulia sasa ni kushoto, kila kushoto ni kulia. Hata michoro nimeifuta na kuichora upya kana kwamba imetazamwa kwenye kioo. Sasa wanaweza kulifuata kwenye barabara zetu bila kufa.

Nimemweleza Emily akiwa anasukwa na Lynette, mwendeshaji mwenzake, hapa mtaani kwetu Amalemba. "Hili la kijani ni la huku. La kule nitaliandika lingine, jekundu, lenye kulia na kushoto kwa kweli. Hili la kijani msiende nalo."

"Sawa, madam," akasema. Alikuwa anaangalia simu. Lynette akauliza kama zeituni za kule zinaliwa mbichi.

Jumamosi, 22 Machi 2025

Kilomita 91. Bora kuliko siku zote.

Kijani kinafanya kazi! Emily amebana kona tisa mfululizo bila kugusa breki ya mbele. Lynette na Pascalia walimfuata kama mkia. Juu tulikaa kwenye nyasi, tukala viazi vitamu na kipande cha sukari guru kila mmoja. Mwalimu Osiako, kocha wetu, alikuja na gari lake la zamani kututazama. Alichukua daftari, akageuza kurasa polepole, miwani kwenye pua. Akasema, "Zipporah, hii kazi wangetakiwa kuifanya wazungu wenyewe."

Nikaona haya, nikaangalia viatu.

Mwaliko wa mbio za Italia unasema nafasi nne. Waendeshaji watatu, na mtunza njia mmoja, yule aliyetengeneza kitabu cha njia, ili akae kwenye gari na kuwaongoza. Hakuna aliyeuliza mtunza njia ni nani. Mimi sina mbio, mapafu yangu ni ya Jumapili. Lakini mtunza njia ni mimi. Pasipoti imetoka wiki iliyopita. Nimeiweka kwenye Biblia, nikaitoa, nikaiweka kwenye sanduku, nikairudisha kwenye Biblia.

Lynette na Pascalia wameshapita. Nafasi ya tatu ni ya Emily au Beverly. Beverly anapanda vizuri zaidi, Emily anateremka vizuri zaidi. Mwalimu ataamua mwezi ujao. Emily hali. Ugali wake, obusuma wa jana usiku, niliukuta asubuhi umekauka na alama ya kidole kimoja.

Nimemwambia nitamsemea kwa Mwalimu. Na nitamsemea kweli. Miaka miwili tunalala chumba kimoja. Alipotoka kwao Lumakanda alikuja na baiskeli isiyo na kiti.

Ijumaa, 28 Machi 2025

Kijani hakikuwa mezani asubuhi. Kazini, kwenye duka la mbegu na mbolea la Mama Jescah, nilichanganya mbegu za sukuma na za spinachi, naye akaniuliza kama nimependa mtu.

Jioni nimekikuta chini ya mto wa Emily. Anasema anakariri. Nilifurahi. Nimempikia chai ya maziwa matupu.

Jumanne, 8 Aprili 2025

Niandike kwa mpangilio. Nikiruka chochote nitajidanganya baadaye.

Saa kumi na moja jioni tulikutana kwenye banda la baiskeli, nyuma ya shule anakofundisha Mwalimu Osiako. Watu kumi na mmoja. Nilikuwa nimevaa blauzi ya kanisani. Kwenye mfuko nilikuwa na daftari jekundu, nimelimaliza Jumapili, kurasa 41, kulia ni kulia. Nilitaka kulitoa watakapotaja jina langu.

Mwalimu alisimama na barua pepe aliyoichapisha. Akasoma majina. Lynette. Pascalia. Emily. Emily akaziba mdomo kwa mikono miwili. Nikamkumbatia. Nilikuwa wa kwanza kumkumbatia!

Kisha akasema, "Mtunza njia — wenzetu wa kule wameniomba niende mwenyewe."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akaendelea kusoma, kwa Kiingereza, akitutafsiria. Wamekipenda sana kitabu cha njia alichowatumia. Hawajaona kitu kama hicho. Wamependa hasa wazo la kwamba kila kona ya Ghimbegna ina ndugu yake Kakamega. Wanamshukuru Kocha Osiako kwa subira na ubunifu wake.

Ndugu. Neno langu. Liko kwenye kila ukurasa, chini, na kistari mbele yake. Mimi sikumtumia mtu yeyote kitabu.

Watu walipiga makofi. Mike hakupiga. Alinitazama, akainua nyusi. Mimi nikapiga. Mikono ilipiga yenyewe.

Nikamuuliza Mwalimu, kwa heshima, mbele ya wote: "Mwalimu, kitabu ulikipata wapi? Changu kiko nyumbani."

Alikunja ile karatasi mara nne. Akasema, "Hilo tutaongea." Na wakati anasema hivyo macho yake yalikwenda kwa Emily. Nusu sekunde tu. Nami nikayafuata.

Emily alikuwa anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba, ni vya kubandika.

Jumatano, 9 Aprili 2025

Hakuja kulala. Amelala kwa shangazi yake. Kitanda chake kimetandikwa vizuri, kuliko siku zote.

Ijumaa, 11 Aprili 2025

Alikuja mchana akijua niko kazini. Hakujua kwamba Ijumaa Mama Jescah hufunga duka mapema kwenda kwenye maombi. Nilimkuta anakunja nguo.

Sikupiga kelele. Nilikaa kitandani kwangu, nikamwambia akae kwake. Akakaa. Magoti yetu yalikaribia kugusana, chumba ni kidogo.

"Ulikipeleka lini?"

"Ile Ijumaa." Sauti ndogo. "Nilitoa kopi pale saiba ya karibu na soko. Nikarudisha."

"Ukarudisha chini ya mto."

"Zippo, aliniambia nafasi ni ya Beverly. Akaniambia, wewe Emily uko karibu na yule msichana, niletee kile kitabu nikitume mapema, halafu tuone. Hakusema ataweka jina lake. Nakuapia!"

"Ulipojua ameweka jina lake, ulisema nini?"

Alichukua nguo iliyokwisha kukunjwa, akaikunja upya. Nje mtu alikuwa anapiga zulia. Nilihesabu mapigo kumi na manane.

"Mimi naenda kuwa thelathini," akasema. "Hii haitarudi. Wewe ungefanya nini?"

Nikamwambia ningeomba. Angekuja aniambie Mwalimu anataka kitabu, nami ningempa mwenyewe ampelekee, mkono kwa mkono, na jina langu juu. Ndicho kitu kinachonichoma. Ningempa! Alichoiba ni kitu ambacho angekiomba tu.

Akasema, "Basi hasara iko wapi?" Kisha akaona uso wangu, akasema hakumaanisha hivyo. Akaanza kulia. Zamani akilia mimi hufuata. Leo macho yangu yalikuwa makavu kama unga.

Amechukua sufuria yake. Yangu ameiosha na kuiacha imepinduliwa juu ya jiko.

Jumapili, 13 Aprili 2025

Jumapili ya Matawi. Nilimngoja Mwalimu nje ya kanisa. Alitoka ameshika tawi lake, mkewe kando. Alinisalimu, "Mulembe, Zipporah," kama kawaida, sauti nzito, ya upole. Ndiyo sauti iliyonifanya nijiunge na klabu.

Nikamuuliza kwa nini.

Akasema kazi ya klabu haina jina la mtu mmoja. Nikasema, mbona basi ina jina lako? Akasema barua ilitaka jina moja, na kocha ndiye kichwa. Akasema mimi ni kijana, safari zitakuja. Akasema mtu aliyemaliza kidato cha nne akienda mbele ya wale watu, wakimuuliza mambo ya kitaalamu kwa Kiingereza, atawajibu nini?

"Ningewajibu mwinuko wa kila kilomita," nikasema. "Wewe Mwalimu ungewajibu nini?"

Mkewe alimvuta mkono. Mwalimu akasema nisimkosee heshima siku ya Bwana.

Nimerudi kwa miguu. Sikupanda baiskeli leo. Sijapanda tangu Jumanne.

Jambo moja nimeliona njiani. Hakuuliza hata swali moja kuhusu kitabu. Hajui hata kwamba kuna chekundu. Mtu huiba nyumba bila kuuliza choo kiko wapi.

Jumapili, 20 Aprili 2025

Pasaka. Nimelala.

Jumamosi, 3 Mei 2025

Wameondoka leo. Mike amepita kuniambia, ingawa sikumuuliza. Anasema kulikuwa na picha, maombi, na keki yenye umbo la baiskeli ambalo lilikuwa kama miwani. Anasema Emily alimuuliza, "Zippo hajambo?" Naye akamjibu, "Kamuulize."

Nimeweka jekundu chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi la mvua. Ni kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyekigusa.

Jumatano, 7 Mei 2025

Naandikia dukani, juu ya gunia la mbolea.

Mpaka jana sikufungua kundi la klabu kwenye simu. Leo nimefungua. Picha nyingi! Bahari ya kweli, bluu ya kijinga. Jana walipita ile njia ya pwani iliyokuwa reli zamani, sasa ni ya baiskeli tupu, na mahandaki yenye taa. Naijua. Nilihesabu mahandaki yake mimi. Leo walipanda tu, wakashushwa kwa gari kwa sababu ya mvua. Pascalia ameandika kwamba mlima wa kwanza aliusalimu kwa jina la ndugu yake. Nilitabasamu kabla ya kujizuia.

Halafu picha ya saa sita. Baiskeli ya Emily, karibu kabisa. Kwenye usukani amebandika kadi ndogo za plastiki, zimepangwa kama kurasa. Nikaivuta picha ikue.

"14 — KUSHOTO. NDANI. INAFUNGA."

Kushoto.

Wamekwenda na kijani! Wamekwenda na kitabu kilichopinduliwa, na kesho ni Ghimbegna. Kona ya 14 ni ya kulia. Kona zote 41 ziko kinyume.

Nilikaa chini. Mama Jescah aliuliza kama ni sukari. Nikamweleza, ilibidi nimweleze mara mbili. Akaweka mizani chini.

"Kwani hao hawana macho? Mtu si anaona kona?"

Nikamwambia anaona kama hali ya hewa ni nzuri. Nimeangalia: kesho asubuhi ukungu milimani kuanzia mita mia sita. Pale juu, kona za kwanza ishirini zinafichwa na kuta na miti. Emily hateremki kwa macho. Anateremka kwa kuamini. Nilimfundisha hivyo mwenyewe — sikia neno, laza mwili, usingoje kuona. Sekunde moja ya kulaza mwili kushoto wakati barabara inakwenda kulia, na kushoto kule ni upande wa magari. Barabara haijafungwa.

"Sasa utafanya nini?"

Sijui, nikasema.

"Mwambie. Ama usimwambie. Lakini usikae hapo na debe la mbegu kama sanamu, watu wanangoja."

Kuna kitu nataka kukiandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Kwa muda, labda wa kuhudumia wateja wawili, niliona raha. Niliona Mwalimu kwenye gari, miwani kwenye pua, anasoma kushoto, na barabara inamcheka. Sikumwona Emily kwenye hiyo picha. Nilimtoa.

Jumatano, jioni

Nimemtumia ujumbe saa kumi na mbili. Nimeuandika mara tano. Wa mwisho ulikuwa hivi: kadi ni za kijani, kijani kimepinduliwa, kulia ni kushoto na kushoto ni kulia, kumbuka trekta ya Serem, zing'oe kabla ya kesho. Sikuweka salamu. Nimewatumia pia Lynette na Pascalia, lakini wao simu zao hazipatikani, tiki moja tu.

Emily amesoma. Ameandika, ameacha, ameandika, ameacha. Dakika ishirini.

Kisha: "Nimemwonyesha Mwalimu. Anasema tusichanganywe usiku wa kuamkia mbio. Anasema kama kitabu kingekuwa kinyume mbona tulifanya nacho mazoezi miezi miwili na hakuna aliyeanguka. Zippo najua nilikukosea. Lakini hii ni kitu mbaya kunifanyia."

Kitu kibaya kumfanyia! Mimi!

Wananiona ninawaroga. Wanadhani nimekaa Amalemba nikatunga sumu. Mtu akishakuibia, ukimpa maji anayamwaga kwanza aone kama yatachoma nyasi.

Nimepiga simu. Amekata. Nimepiga tena. Imezimwa.

Alhamisi, 8 Mei 2025

Saa mbili na robo asubuhi. Kule ni saa moja na robo. Wanaanza saa tatu za kule, saa nne zetu. Kupanda kutawachukua saa moja na zaidi, mteremko uanze kama saa tano na nusu zetu.

Sikulala vizuri lakini nimeamka na akili. Hawataamini maneno yangu. Wataamini mchoro. Jekundu lina kila kona kama ilivyo, kuta zote, kanisa, bomba la maji, na kando nimeandika tofauti yake na kijani. Mtu akiliweka karibu na zile kadi, hata Mwalimu ataona. Nimelitoa chini ya blanketi.

Yaani nimpe na hili.

Nimekaa nalo magotini kwa dakika kumi. Likifika kule, ni lake. Atalichapisha, atasema kocha aligundua kosa asubuhi ya mbio kwa ukakamavu wake. Makofi tena. Na mimi nitabaki na sanduku lenye blanketi.

Saa mbili na nusu

Nimeamua. Nitatuma yote, lakini kila ukurasa utakuwa na jina langu. Si pembeni, wanaweza kukata pembeni. Katikati, juu ya mchoro wenyewe, kwa kalamu nyekundu, jina lote: Zipporah Khasoa Andati. Asiweze kuitoa kona bila kunitoa mimi.

Kurasa 41. Naandika, napiga picha, natuma. Mtandao wa asubuhi ni wa konokono, na wakati kile kiduara kinazunguka naandika hapa.

Ukurasa wa 1 umekwenda. 2. 3.

Saa tatu kasorobo. Mama Jescah amepiga, nimemwambia naumwa. Amesema, "Ugua haraka."

Saa tatu na dakika tano. Ukurasa wa 7. Simu ya Emily imewashwa! Tiki mbili. Hajafungua.

Ningeweza kuruka nianze na 14. Nimelifikiria. Lakini nikiruka, watasema nimechagua. Mpangilio ndio utawashawishi. Au ni mimi tu ninayeogopa kuruka. Naendelea: 8, 9.

Saa tatu na ishirini na tano. 12. Amefungua. Tiki za bluu zote kwa mkupuo mmoja. Anaandika... Hajatuma. Anaandika...

"Zippo hii ni nini"

Sijajibu. Picha zitajibu.

"Zippo 3 iko kinyume na yangu"

"Na 5"

"ZIPPO"

Naandika jina kwenye 13. Limekaa vibaya, herufi zimepanda juu ya ukuta wa kanisa. Nimepiga picha. Imekwenda.

Saa tatu na nusu. Kwao mbio zimebakiza nusu saa.

Ukurasa wa 14 uko mbele yangu. Kulia, ndani, inafunga. Ndugu yake: kona ya trekta, Serem. Huu ndio mchoro wangu mzuri kuliko yote, niliufanya siku mbili, hata kivuli cha mti nimekitia.

Simu inaita. Emily. Inatetemeka juu ya meza mpaka inasogea.

Nimeandika Zipporah. Imenyamaza.

Inaita tena. Nyuma yake, kwenye kioo cha simu, naona ujumbe wa Lynette: mshikie tafadhali, analia, Mwalimu anataka kumnyang'anya simu.

Nimeandika Khasoa.

Inaita. Limebaki la baba, Andati, kisha natuma.